Uwili

Nilipoingia darasani mara ya kwanza
walidhani nimekuja kufagia.
Vijana wanane, mabegi yao sakafuni,
nami na miaka yangu hamsini na minane,
mikono bado inanuka jibini
ya kiwanda nilichokitumikia tangu usichana.
Tartu, mwezi wa Septemba, ghorofa ya tatu:
dirisha latazama mapaa, mapaa yatazama mvua.

Mwalimu Madli Tuulik hakuuliza kwa nini.
Alinipa chaki, akasema: andika alfa.
Niliichora kama samaki aliyekunjika mkia.

Kilatini hakikunitisha.
Nomino zina hali sita! alilalamika Kaur,
kijana mwenye kipini kwenye nyusi.
Nikacheka. Mwanangu, lugha ya mama yako ina kumi na nne,
nawe ulizimeza zote pamoja na uji.
Kilichonitoa jasho ni wakati ujao.
Sisi Waestonia hatuna kitenzi cha kesho,
tunasema leo, kisha tunangoja.
Warumi walikuwa na kesho yenye viambishi,
nikaikariri ndani ya basi,
amabo, amabis, amabit,
nitapenda, utapenda, atapenda,
kioo kikifunikwa na pumzi yangu.

Kabla ya Krismasi tulibaki wanne.
Kigiriki kilikuwa kimewala wengine:
kitenzi kimoja, sura mia na ushei,
kinageuka kama mdeni aliyemwona mdai wake njia panda.

Kisha, Jumanne moja ya Januari,
baridi kumi na tisa chini ya sifuri,
mabomba ya joto yakigongagonga ukutani,
Mwalimu Madli akaugawa ubao mara tatu.
Umoja, akaandika kushoto. Wingi, kulia.
Katikati akaacha wazi, akapuliza vumbi vidoleni.
Hapa, akasema, palikuwa na kitu.
Si mmoja, si wengi. Wawili tu.
Macho: osse. Mikono: kheire.
Maksai waliofungwa nira moja.
Na mimi na wewe, pasipo mtu mwingine:
noi.

Kaur akauliza kama itatoka kwenye mtihani.
Kwa nadra, alisema mwalimu. Uwili ulikufa mapema.
Wagiriki wenyewe waliuchoka,
wakaona wawili wanatosha kuitwa wengi.

Kalamu yangu ikasimama.

Ülo, kwetu haikuwa hivyo.
Wetu ulikufa mwezi wa Machi,
barafu ya mto Emajõgi ikipasuka kwa mlio wa sahani,
daktari akizungumza na viatu vyake.
Uwili wa Wagiriki uliangukia kwenye wingi.
Wetu uliangukia upande ule mwingine wa ubao.

Jioni ile nilichemsha viazi sita, kwa mazoea.
Vitatu nikala.
Vitatu nikavitazama hadi vikapoa.

Mikate ya iliki bado nanunua miwili.
Mmoja nampa Kaur, anayelala juu ya kamusi
na kuamka na herufi shavuni.
Yeye hunieleza vitenzi vya kutendwa,
mimi humweleza jinsi ya kupika supu ya mbaazi
na kwamba kipini kile kitampa usaha.

Mwezi wa Mei tukafanya mtihani.
Sentensi ya nane ilikuwa nyepesi, ya kututia moyo:
Mkulima anarudi nyumbani jioni.
Mkulima niliandika sawasawa, na jioni, na nyumbani.
Kitenzi nikakiweka kwenye uwili.
Sikukusudia. Au nilikusudia, sijui,
mkono una mambo yake.

Mwalimu Madli hakutia wino mwekundu.
Alipitisha mstari wa penseli, hafifu,
akaandika pembeni: na mwenzake yuko wapi?

Sijamjibu.
Karatasi iko jikoni, mlangoni mwa friji,
imeshikwa na ng'ombe wa sumaku niliyepewa nilipostaafu.

Vuli tutaanza vitenzi vinavyoishia na mi.
Kaur anasema ni vichache, vikongwe,
na havifuati wenzao.