Mengineyo

Barua ya uhamisho ilifika Jumanne, mistari minne:
ripoti Eldoret tarehe mosi, marupurupu yatafuata.
Yatafuata. Kama mkia, au kama deni.

Usiku ule nikachukua daftari la hesabu la Kemunto,
lililobakiza kurasa kumi na moja,
nikapiga mstari katikati:
kilichopo huku, kinachotakiwa kule.
Kalamu ilikuwa ya kijani. Sikupata nyingine.

Lori: elfu thelathini na nane, asema wa Barabara ya Jogoo,
bila wapagazi, bila turubai,
"na kwa mvua hii, mama, turubai utalitaka."
Wa Kariobangi: thelathini na tano, nusu atangulizwe leo.
Ndipo Syombua wa mlango wa pili, akichambua ndengu
kana kwamba hasikii,
akasema bila kuinua uso:
"Malori ya mahindi hushusha hapa, hurudi matupu.
Mbona umlipe mtu aende, na yupo anayerudi?"

Jumamosi nikajihimu hadi kwenye maghala, Eneo la Viwanda.
Dereva, Barmasai, alikuwa anamenya yai juu ya boneti.
Elfu kumi na nne.
Nikasema kumi. Akacheka mpaka akapaliwa.
Kumi na mbili basi, lakini vumbi la mahindi ni lako,
na saa kumi alfajiri simngoji mtu.
Nikaandika kumi na mbili, nikapiga mstari mara mbili.

Gachihi akaja kukagua nyumba yake
akahesabu misumari ukutani kwa sauti. Saba.
Ukuta alioupaka rangi mara moja, mwaka tulipoingia.
Dipoziti elfu kumi na nane;
akatoa rangi, akatoa kitasa, akatoa "uchakavu"
(neno hilo alilitamka kama daktari),
zikabaki tisa na nusu, mwisho wa mwezi.
Hizo nimeziandika kwa penseli.

Kochi liliingia kwa dirisha, fremu tukaing'oa;
limetoka vivyo hivyo, kwa bei ya mito yake.
Sweta ya maruni haitambuliwi shule ya kule, kule ni kijani.
Blanketi la tatu. Kodi ya kwanza na dipoziti nyingine,
maana kila mwenye nyumba ana misumari yake ya kuhesabu.

Na mapipa mawili ya buluu.
Eti kule bomba hutoa maji kila siku.
Mimi mtu wa Umoja, nitaamini nikilowa.
Nimeyaandika, nimeyafuta, nimeyaandika.

Zilipungua elfu kumi na moja na mia nne.
Nikajumlisha upya kutoka chini kwenda juu,
labda hesabu huwa na huruma
ukiijia kwa mlango wa nyuma.
Kumi na moja na mia nne.

Mstari wa mwisho niliandika: mengineyo.
Nikakaa nao mpaka jirani wa juu akazima redio.
Ufunguo wangu wa akiba, miaka tisa kwenye msumari wa Syombua.
Usiku wa homa ya Kemunto, mimi nikiwa zamu,
nikiwashika wagonjwa wa watu,
na wangu akishikwa na mtu.
Hiyo inaandikwa upande gani?

Alfajiri alikuja na leso mabegani,
furushi la ndengu mkononi.
Akasema, "Zile mia nane zako, leo sina."
Nikasema sijaziuliza.
"Najua. Nakwambia tu kwamba sijasahau."
Barmasai akapiga honi, mbwa wa mtaa mzima wakamjibu.

Upande wa kilichopo, chini kabisa, kwa kijani:
Syombua, mia nane.
Sitazidai. Wala sitazifuta.

Pipa moja lilipanda lori.
La pili liko mlangoni kwake,
nililijaza jana, maji yalipokuja.