Kimo cha Herufi K

Barua ya kwanza, mwaka nilipoanza chuo,
herufi zake zilikuwa punje za mahindi.
Zilizofuata, mtama. Kisha ulezi.
Kisha vumbi la ulezi, likipanda pembeni mwa ukurasa.
Nilidhani anabana karatasi.

Mama anasema ilianza na pua.
Kapu la migebuka limeshushwa kutoka behewa la Kigoma,
majirani wameziba nyuso kwa khanga,
naye Baba anauliza, "Kwani leo samaki hawakuja?"
Tulicheka. Mimi mwenye shahada mbili nilicheka zaidi.

Miaka thelathini na mmoja alishika pointi, stesheni ya Tabora:
hii ya Mwanza, hii ya Kigoma, hii ya Mpanda.
Akivuta, chuma kinaitika,
na abiria mia saba wanaelekea kwao wamelala,
hakuna anayemjua Mlekwa Kapalata.

Sasa mkono ule ule unasugua hewa,
gumba juu ya kidole cha shahada,
kama anahesabu mafao ambayo hayajafika.

Maabara nasoma treni nyingine:
alfa-sinuklini, asidi amino mia moja na arobaini,
behewa nyuma ya behewa.
Kwenye la mia na ishirini na tisa, serini,
kitu kimening'iniza fosfati.
Kidogo tu. Tundu moja la ziada kwenye tiketi.
Lakini yenye tundu hilo ndiyo nayakuta
yamerundikana ndani ya seli, yamegandana,
njia imefungwa.

Sijui kama fosfati ndiye mwizi
au mgambo aliyefika mwizi keshatoka.
Kwenye ripoti nimeliandika hilo kwa lugha ya suti na tai.
Kwa Baba nililisema hivi hivi, uani, Ng'ambo,
nimemshikia kikombe cha uji.

Uso wake siku hizi hautoi habari.
Nikadhani hakusikia.
"Behewa likipotea," akasema, "usililaumu behewa.
Uliza nani aligusa pointi. Na saa ngapi."

Saa ngapi.

Usiku nikatoa barua zote, na rula ya plastiki,
nikapima K ya Kapalata, sahihi baada ya sahihi.
Milimita sita. Sita. Tano. Tano. Nne.
Ilianza kushuka mwaka nilipomwandikia kwamba nimefaulu,
naye akajibu mistari miwili,
nami nikanuna mwezi mzima
kwa ufupi wake.