Swali la Nne

Karatasi hamsini na tatu. Kalamu nyekundu inakwaruza,
upepo wa Bahi unapenyeza vumbi chini ya mlango,
nami nasahihisha jiografia, kidato cha pili.
Swali la nne nililitunga mwenyewe, nikajisifu:

Ndege inaondoka Tokyo saa mbili asubuhi kwenda Manila.
Umbali ni kilometa elfu tatu,
mwendo ni kilometa mia saba na hamsini kwa saa.
Manila iko nyuma ya Tokyo kwa saa moja.
Itatua saa ngapi, kwa saa za Manila? Onyesha njia.

Gawanya: saa nne.
Mbili na nne ni sita, toa moja, tano.
Alama kumi.
Mimi sijapanda ndege. Tokyo naijua kwa nukta,
Manila kwa nukta, kwenye ramani ya ukutani
ambayo mchwa wameanza kuila kuanzia Burma.
Kati ya nukta hizo rula yangu huvuka bahari
sentimita sita, bila kulowa.

Wengi wamepata. Wengine wamenakiliana hadi kosa:
watatu wa dawati moja wameitua ndege saa tisa usiku,
abiria hoi, uwanja mzima hauna wa kuwapokea.

Kisha Yudika Ndahani, wa upande wa Chali,
mwandiko umebanana kana kwamba karatasi inauzwa kwa mstari.
Saa tano asubuhi. Sahihi.
Ila chini, mahali pa njia, ameandika:

"Saa nne nazifahamu. Ni kwenda kisimani na kurudi
mwezi wa kumi, mama ndoo mbili, mimi moja.
Tukitoka saa kumi alfajiri tunafika nyumbani saa mbili,
shule imeshaingia.
Hawa wametoka saa mbili, wamekaa angani saa nne,
wamefika saa tano. Wamerudishiwa saa moja.
Mwalimu, naomba kuuliza: hiyo saa anaitoa nani,
na sisi tukaombe ofisi gani?"

Nimeweka kalamu.
Nimefungua kitabu cha kiada, sura ya longitudo:
nyuzi kumi na tano ni saa moja, dunia inazunguka,
jua halina upendeleo. Yote kweli.
Nikaandika pembeni: Hakuna anayerudishiwa kitu.
Ni saa za ukutani tu.
Nikasoma tena. Nikafuta "tu".

Maana daftari la waliochelewa hulishika mimi,
Jumatatu na Alhamisi,
na jina lake limo mara kumi na moja tangu shule ifunguliwe.
Mara kumi na moja amesomba mawe ya msingi wa bweni
akarudi darasani na vumbi hadi kwenye kope,
akaketi, akatoa rula,
hakuuliza kitu.

Kisima chao nimekitafuta kwenye ramani.
Safari nzima, kwenda na kurudi,
inalala ndani ya unene wa mstari wa penseli.

Swali lilisema onyesha njia.
Ameionyesha, na idadi ya ndoo.
Nimempa kumi.

Kesho Alhamisi. Zamu ni yangu.
Saa ya ofisini imetundikwa juu, karibu na dari;
naifikia nikipanda kiti.