Mwiko Mfukoni

Usiku mmoja, sentimita sitini.
Asubuhi Fernie haina magari, ina matuta tu.
Nimetoka zamu ya usiku hospitalini, sijalala,
soksi mbili kila mguu, chupa ya chai ya tangawizi,
na ubao wenye vifungo vya haraka
nilionunua kwa Petryk kwa dola mia moja na arobaini
na sahani ya pilau, ambayo mpaka leo ananidai.

Nisivivunjie heshima. Kwenye njia iliyolainishwa na trekta
vifungo hivi ni raha tupu:
unashuka kwenye kiti cha lifti,
unalaza ule mgongo wa plastiki kwa kidole,
mguu unapenya kama kwenye kandambili,
unauinua mgongo, ta!
Umekwenda.
Wenye mikanda bado wameinama
kama watu wanaotafuta sarafu iliyowaponyoka.
Msimu mzima nimewacheka.

Na usinitajie ile methali ya haraka.
Nimelelewa nayo, nimechapwa nayo,
ilikuwa kwenye kanga ya shangazi.
Haimsaidii mtu aliyezama hadi nyonga.

Maana leo ni unga.
Si wa dona, wenye chenga na ukaidi;
ni ule mweupe wa maandazi, uliochekechwa mara tatu,
hauna uzito mpaka uuingie.
Nilipoteza mwendo mahali pa kipumbavu, tambarare,
kati ya mierezi miwili,
nikafungua mguu wa nyuma nijisukume.
Mguu ukashuka.
Nikatafuta chini.
Hapakuwa na chini.

Nikaegemea mkono, mkono ukaingia hadi kwapani.
Ule mgongo wa plastiki, uliolala wazi nyuma yangu,
ulikuwa unapokea theluji kama bakuli la mwombaji.
Nikauvuta mguu, nikaukanyagia pale. Kimya.
Nikakanyaga tena. Kimya cha pamba.
Chini ya soli palikuwa pameshikana barafu
na kila teke langu liliifanya ngumu zaidi.

Petryk alisimama juu kidogo,
miaka sitini na mmoja, mikanda yake ya kizamani imekaza,
kamasi zimeganda kwenye mdomo wa juu.
Hakucheka. Ningependa angecheka.
Alinyoosha fimbo yake kuelekea shina la mwerezi wa pili,
pale matawi yanapofunika shimo
ambalo humeza mtu kichwa kwanza,
akasema neno moja: usikae.

Kwetu mwiko ni jambo lisilofanywa
na mwiko ni mti wa kusongea ugali.
Nimeishi miaka arobaini na mbili
bila kujiuliza neno moja linabebaje yote mawili.
Kukaa: mwiko.
Na mfuko wa ndani wa koti: mwiko,
wa mninga, zawadi ya mama mkwe,
ambao afisa wa forodha aliunusa, akaugeuza, akaurudisha.

Nikaulaza ubao kuukingamia mteremko,
nikapiga goti juu yake, nikaishindilia theluji kwa ngumi
mpaka ikawa kama kibaraza kidogo cha kusimamia.
Kisha nikakwangua ule ukoko,
taratibu, pembe kwa pembe,
kama unavyokwangua sufuria ya wali
ukijua watoto wanaugombania.
Jasho. Miwani imejaa ukungu.
Mtu alipita mbali akipiga kelele za furaha, nikamchukia.

Mguu ndani. Mgongo juu.
Si ta ya njia laini;
ilikuwa ndogo, nzito,
kama jirani anayefunga mlango usiku asimwamshe mtu.
Petryk tayari alikuwa vumbi jeupe kati ya miti.

Kwenye lifti hakuuliza chochote ila:
"Na pilau?"
Nikamwambia Jumapili.

Jioni niliusuuza mwiko, nikasongea ugali.
Haidari akaushika, akauliza
kwa nini umeliwa upande mmoja.
Nikamwambia, kula.