Tuzo ya Kioo

Kadi ilikuja na kingo za dhahabu.
Mimi karani ndiye niliyeipokea,
nikaiandika kwenye daftari la barua zinazoingia,
kati ya samansi mbili na ankara ya maji.

Wakili Nakijwa aliisoma amesimama.
"Ijumaa? Ijumaa nina Baraza la Ardhi."
Ni jioni, nikamwambia. Jioni Baraza limefungwa.
"Limefungwa," akasema, "shida hazijafungwa."
Lakini alikwenda kutengeneza kisigino cha kiatu, Kiborloni,
nikajua tutakwenda.

Ukumbi haukuwa mbali na mnara wa saa.
Viti vimevishwa vitambaa, vimefungwa fundo kiunoni
kama wanakamati wa harusi.
Ndafu akaingizwa wima, majani mdomoni,
akapigiwa makofi kabla ya wanasheria.

Kisha mshereheshaji akasoma:
msaada wa kisheria, mwaka mzima, bila malipo,
mashauri mia mbili na kumi na manne.
Watu wakasema aaah.

Namba hiyo niliihesabu mimi,
kwa penseli, umeme umekatika,
na fomu haikuwa na safu ya kuandika
kwamba la sabini na moja ni Bibi Ndeanasia wa Uru
aliyeshuka mlima kwa miguu miaka sita
kuja kuambiwa mwenyekiti ana udhuru.
Siku moja alifungua kanga mbele ya Baraza,
akatoa mche wa sale, mzima, na mizizi yake.
"Mpaka wa kihamba changu huu hapa.
Shemeji kaung'oa usiku, kaupanda kwenye migomba yangu.
Nami nimeung'oa mchana.
Ulizeni udongo huu ni wa nani."
Wakili wa shemeji alicheka mpaka miwani ikashuka.
Nakijwa hakucheka.
Aliomba upokelewe kama kielelezo.

Ukapokelewa. Kielelezo namba tatu.
Ukafungiwa masjala, kabati la chuma,
pamoja na panga, na mkataba uliotafunwa na panya.
Na huko gizani, bila maji, bila tarehe ya kutajwa,
ukachipua.
Siku ya hukumu mlango wa kabati ulikataa kufunga.

Hayo nayo hayana safu.

"Dakika tatu tu, waheshimiwa," alisema mshereheshaji.
Aliyetangulia alitumia kumi na mbili kuwashukuru wafadhili.
Nakijwa akapanda, akakishika kioo kwa mikono miwili,
mlima mdogo, vilele viwili, jina lake limekosewa herufi moja.
Akasema asante.
Akasema: "Kuna kijana mahabusu, Karanga.
Mwaka wa tatu sasa, sababu ni baiskeli.
Shauri lake ni Jumanne, na mimi Jumanne niko Same.
Nani humu ana nafasi?"

Kimya kile. Hata vijiko vilisikia aibu.
Mkono mmoja ukainuka meza za mbele,
wa kijana aliyeapishwa juzi, tai yake bado ina mikunjo ya dukani.
Mwingine ukainuka nyuma kabisa;
huyo alikuwa mhudumu, alidhani anaitwa.
"Mmoja anatosha," Nakijwa akasema,
akashuka, dakika mbili zikiwa zimebaki.
Tukala ndafu. Alikuwa mtamu, sisemi uongo.

Jumatatu nikakiingiza kioo kwenye daftari la mali:
meza mbili, kabati moja bovu,
feni (haizunguki), tuzo moja.
Tukaiweka juu ya mafaili ya dirishani,
maana upepo wa asubuhi hauna adabu na karatasi.

Benchi lilikuwa limejaa kabla ya saa mbili.
Mtoto mmoja akakinyakua kioo, akakiweka jichoni,
akamgeukia mama yake.
"Mama, mko watatu!"
Yule mmoja akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Nikachonga penseli.
Jina, nikauliza. Kijiji. Kata.