Kigoda cha Harufu

Baba hakula ndizi siku ya kurina.
Hata ukimwekea sahanini, ataisukuma:
"Nyuki akikasirika hunuka ndizi mbivu.
Usiingie msituni unanuka ugomvi."

Nilicheka, miaka ile, Sikonge.
Leo niko Tabora mjini, kwenye chumba cha feni moja mbovu,
nimeikata papasi ya nyuki, nyembamba kuliko unywele,
nimeiunga na waya,
nangoja iseme kwenye kioo.

Nikipuliza harufu ya ndizi, mstari unaruka.
Molekuli imefika kwenye kipokezi,
imeketi kama mgeni anayekijua kigoda chake,
na kigoda chenyewe ndicho mlango:
unafunguka, kalsiamu inamwagika ndani,
habari inakimbia hadi kichwani:
tumevamiwa, tokeni, tokeni nyote.

Nikitanguliza moshi
mstari unalala kama barabara ya Ipole saa saba mchana.
Ndizi imekuja. Imebisha.
Kigodani kaketi mwingine,
hana ujumbe wowote,
na hanyanyuki.

Nikapiga simu. Mihayo Kapaya hupokea kwa kukohoa.
"Baba, moshi hauwalazi.
Unawakalia kigoda tu."
"Kwa muda gani?"
"Dakika kumi. Kumi na tano."
"Kiko kimoja," akasema.
"Nikikung'uta majivu, nashuka mtini.
Babu yako naye alishuka hivyo hivyo."
Nikaandika daftarini: kiko kimoja.
Nikafuta. Nikaandika tena.

Kuna jambo sikumuuliza.

Machi ile ya mvua, mama alipozikwa,
aliwasha magome chini ya mtundu
usio na mzinga hata mmoja.
Nilimwona kwa mbali, nimembebea uji.
Alikaa ndani ya moshi hadi macho yakamvimba,
koti, ndevu, viganja, vyote moshi,
kwa sababu nyumbani, nyuma ya mlango,
kanga ya mama ilikuwa bado inaning'inia,
na bado inasema:
karanga za kukaanga, sabuni ya mche,
jasho la shingoni.

Sikumwita. Uji ukapoa, ukafanya ngozi.
Mwishowe akakung'uta kiko kwenye kisigino,
akasimama, akashika njia ya nyumbani
polepole, kama mtu anayehesabu.

Nami nilihesabu.
Kutoka pale hadi mlangoni petu
ni mwendo wa dakika ishirini.