Oda ya Bendera Moja

Bi Generosa wa hotelini alileta karatasi
iliyochapwa steshenari, wino ukielekea kwisha,
kwa hiyo bahari ya watu ilitoka zambarau
na ndege wao hana miguu.
"Moja tu," alisema. "Za mezani ninazo. Hii ya mlingoti.
Mkutano Jumatatu."

Miaka kumi na minane nashona bendera hapa Mtaa wa Likoma:
za vyama, za shule, za Simba na za Yanga
(kwa cherehani ileile, wasijue).
Ya taifa naikata gizani, umeme ukikatika.
Lakini hii.

Kisiwa chenyewe nilikitafuta kwenye atlasi ya mwanangu.
Nilidhani ni mavi ya nzi, nikakikwangua kwa ukucha.
Hakikutoka.

Pembeni juu wameweka bendera ya wakubwa wao,
ndogo, imebanwa,
kama jina la mwenye nyumba kwenye mita ya LUKU:
umeme unanunua wewe, jina linatoka lake.
Nikaanza na hiyo. Ndiyo iliyokuwa na kona nyingi.

Kisha ngao.
Yetu naijua: bibi na bwana wameshika pembe za ndovu,
miguuni mlima, na maneno ambayo mtoto yeyote anayasoma.
Yao haina mtu.
Mbuzi kushoto, kambakochi kulia, wamesimama wima
kama washitakiwa wawili mbele ya karani,
na juu yao ndege asiyeruka.
Mwinshehe, mwanafunzi wangu, aliuliza:
"Sasa watu wenyewe wako wapi?"
Wamekwenda kununua unga, nikamwambia. Akacheka,
ila swali lilibaki sindanoni hadi alasiri.

Chini kuna utepe, una maneno.
"Kilatini nadhani," Generosa kwenye simu, "we tarizi tu."
Mimi ni mtu wa kanga. Tangu lini mtu akajifunga kanga
asijue inamsema nani?
Nilizipitisha herufi moja moja
kama aliyetumwa barua ya mwingine, imegundishwa,
naye hajui amebeba tusi au dua.

Bluu nayo.
Muuza vitambaa wa Mtaa wa Mahiwa alinitandazia
bluu bahari, bluu ya sare, bluu iliyopauka ya pazia la zahanati.
"Bahari ya wapi?" akaniuliza.
Nilichukua ya sare.
Watoto, nilijiambia, hawakosi mahali.

Ndege alinishinda kwenye jicho; karatasini palikuwa na doa.
Juu ya bati la jirani kunguru alikuwa ananikagua,
mgeni wa siku nyingi aliyekataa kuaga.
Nikaliiba lake.

Jumatano bendera ilirudi, imekunjwa ndani ya mfuko wa dobi.
Mjumbe hakufika. Ndege tatu za kubadilisha,
na ya pili haikuruka.
"Siku mbili nzima ilisimama nyuma ya kiti kitupu," alisema Generosa.
"Asubuhi wahudumu wanaweka maji,
jioni wanayaondoa, chupa haijafunguliwa."
Kisha akatazama viatu vyake.
Salio, alisema, ofisi inaliangalia.

Kuiuza siwezi, nani ataitaka?
Kuifumua pia siwezi. Mwinshehe alishika mkasi
mara moja, akaurudisha msumarini bila kuambiwa.
Basi usiku tunaifunikia cherehani,
vumbi la Kariakoo lisiingie kwenye mafuta.
Mbuzi hulala upande wa gurudumu,
kambakochi juu ya droo ya vifungo,
na asubuhi, nikimaliza makufuli na kusukuma mlango,
yule ndege wa watu ameshaamka,
ananitazama kwa jicho la kunguru
kana kwamba mimi ndiye ninayedaiwa.